Karai la Bibi: Kipupwe, mkondo wa kale na mgao wa ndugu

Barua za mwezi huu zimekuja na baridi yake. Hapa Tabora asubuhi natoka nje na kitenge juu ya sweta, na jirani yangu wa Kiha ananicheka: eti hii si baridi, niende Kasulu nikaione. Nimechagua barua nne, zote za dhahabu. Ya kwanza imekula nafasi ya wenzake, mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kasulu. Mjomba wangu ana leseni ndogo ya dhahabu upande wa Nzega, na anasema eneo lake lina kokoto za mto. Likizo hii ya Juni ametukaribisha: mimi na mke wangu, wadogo zangu wawili, shemeji, walimu wenzangu wawili na watoto watatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika karai la dhahabu. Mke wangu anasema kuchezea maji msimu wa baridi ni kujitafutia nimonia. Mjomba anasema msimu ndio huu, tukingoja mvua tumekosa. Nani tumsikilize, na tujiandae vipi? – Mwalimu, Kasulu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama watoto mpe salamu zangu. Wasikilize wote wawili. Mjomba anauzungumzia mto, mkeo anauzungumzia mwili, na siku hiyo mtakuwa na vyote viwili mkononi.

Nianze na mto. Ukichukua kikombe cha maji na kikombe kama hicho hicho cha dhahabu, ile dhahabu ina uzito wa maji mara 19 na ushee. Mchanga wa kawaida haufiki hata mara tatu. Kwa hiyo mvua za Novemba mpaka Aprili zinaposukuma mchanga na mawe, dhahabu haikubali kusafiri mbali. Maji yakichoka kidogo tu, inashuka. Yanachoka nyuma ya jiwe kubwa, yanachoka upande wa ndani wa kona, yanachoka kwenye mipasuko ya mwamba. Na ikishashuka haiishii juu ya mchanga, bali kila mtikisiko unaizamisha mpaka ifike chini kabisa, kwenye mwamba au kwenye udongo mgumu wa mfinyanzi, na hapo ndipo inapolala. Wageni wengi huosha mchanga wa juu kwa kuwa ni mlaini na uko karibu. Huo ni mchanga wa kujengea nyumba.

Ndiyo maana mjomba anasema msimu ndio huu. Masika shimo lolote linajaa maji kabla hujafika kwenye mwamba. Kipupwe maji ya ardhini yameshuka, kuta za shimo zimekauka, unaweza kufika chini na ukafagia mwamba kwa ufagio wa mkono, unakusanya ile vumbi ya mwisho kwenye mipasuko kama unavyokusanya unga uliomwagika. Mimi nimezaliwa Makongolosi, kule Chunya. Dhahabu ya mchangani ya Lupa, huko huko Chunya, ilianza kuchimbwa mwaka 1922 na miaka ya 1930 watu wakafurika. Baba yangu alifika baadaye sana, akala makombo. Lakini makombo yale yalitusomesha, na mengi tuliyapata Juni na Julai, maji yakiwa haba mpaka mchanga mwingine tunaupepeta kwa ungo kama mpunga.

Ila msichukue makarai mkashuka mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mimi hapo sibishani nayo. Nimeona mito iliyochimbwa kingo ikageuka tope. Kokoto anazozisema mjomba, kama anajua kazi yake, ni za mkondo wa kale. Mto ulipita pale zamani, ukahama, ukaacha kitanda chake. Mkichimba mtaona udongo wa kawaida, halafu ghafla mawe ya mviringo, yamelainika kama mayai, mahali ambapo leo huusikii mto hata usiku. Mawe hayo yakiwa yamekalia mwamba, hapo pana maana ya kuosha. Na maji ya kuoshea yasirudi mtoni, yaingie kwenye shimo lake.

Kabla ya safari mwombe mjomba akuonyeshe leseni yenyewe. Usione aibu kwa kuwa ni mkubwa wako. Leseni ya uchimbaji mdogo hupewa Mtanzania, ya dhahabu haizidi hekta 10, na hudumu miaka 7. Soma tarehe. Kisha mtembee naye mpaka kwenye vigingi vya mipaka ili shimo lenu liwe ndani. Mkipata chochote kiuzwe kwenye soko la madini kwa jina la leseni hiyo. Masoko haya yameanza mwaka 2019, la kwanza likiwa Geita, na yametuondolea kile kitendawili cha zamani cha kumuuzia mtu nyuma ya baa akiwa ameshika mizani yake mwenyewe.

Sasa mwili. Mkeo ana haki ya kuogopa, ingawa nimonia haiko majini. Maji ya baridi yanaunyang'anya mwili joto karibu mara 25 kuliko hewa yenye baridi ile ile. Mtu amevaa sweta kifuani, mikono iko kwenye maji saa tatu mfululizo, anatetemeka na hajui kwa nini. Na kuna hasara nyingine ambayo mjomba hatakwambia: mkono ukishakufa ganzi hausikii uzito wa mchanga. Unainamisha karai zaidi ya inavyotakiwa na dhahabu inatoka na maji huku unaangalia. Nimewahi kuosha asubuhi yenye ukungu, saa moja, nikapata chembe mbili. Mchana nikaosha marudio, yaani mchanga ule ule niliokwisha kuuosha mwenyewe, nikapata saba.

Fanyeni hivi. Tafuteni mapipa mawili ya lita 200 yaliyokuwa na mafuta ya kula au sharubati, si ya dawa za mashamba. Mjomba alijaze moja siku mbili kabla hamjafika, alifunike, alisogeze juani. La pili likatwe nusu kwa urefu mpate mahori mawili ya kuoshea, na kingo zigongwe nyundo zisikate mikono. Maji yaliyolala juani siku mbili yamepungua ukali wa baridi. Lakini faida kubwa ni kichocho. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini, wanaogelea mpaka wakutane na ngozi ya mtu, wanapenya. Wasipompata mtu ndani ya siku mbili wanakufa. Kwa hiyo maji yaliyolala saa 48 kwenye pipa lisilo na konokono hayana habari hiyo, wakati kidimbwi cha pembeni, kile chenye majani ambacho watoto watakipenda, ndicho kibaya, hasa mchana jua likiwa kali. Kama mtoto ameshaingia, msimlaumu. Baada ya majuma kadhaa mpelekeni apimwe, dawa ipo.

Kazi ianze saa nne, iishe saa tisa. Atakayewaamsha saa kumi na mbili eti wachimbaji huamka mapema, mpeni chai arudi kulala. Kila mtu awe na soksi kavu na shati kavu ndani ya mfuko wa plastiki, visiguswe mpaka mwisho. Moto uwashwe upande ambao upepo unatoa moshi kwenu, si kuuleta. Kuhusu chakula siwafundishi Waha, nyie mtabeba migebuka; lakini Tabora hamtakosa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na uji wa mtama wenye asali ya miombo ukinywewa saa sita mikono ikiwa imeloweka hutausahau. (Asali msinunue barabarani kwenye chupa za maji. Mjomba anamjua mrina, mwambieni.)

Watoto wasishike jembe wala wasikaribie shimo. Uchimbaji si kazi ya mtoto kwa sheria na kwa akili. Shimo lenyewe lisizidi kiuno cha mtu mzima, na udongo mnaotoa umwagwe mbali na ukingo, maana unaoua watu ni ule uliorundikwa mdomoni mwa shimo. Watoto wapewe mchezo ambao baba alinifundisha mimi. Chukua gololi kumi za beringi ya baiskeli, zioshe kwa sabuni grisi iishe, zichanganye na karai zima la mchanga. Atakayeosha mchanga wote ukatoka na gololi zikabaki kumi, huyo amejua. Mara ya kwanza zitabaki nne. Na nyie watu wazima mchezeni huo huo Kasulu kabla ya safari, nyuma ya nyumba. Chuma ni chepesi kuliko dhahabu mara mbili na zaidi, kwa hiyo anayeweza kubakiza chuma hatashindwa na dhahabu.

Karai lenyewe linashikwaje? Jaza robo tatu. Lizamishe lote majini na uuvunje udongo kwa vidole, kila donge, kwa sababu donge la mfinyanzi likitoka zima linatoka na kilichomo. Okota mawe makubwa, yasuuze ndani ya karai kabla ya kuyatupa. Kisha tikisa kulia na kushoto, haraka, karai likiwa sawa, mara ishirini au thelathini, usimwage kitu. Hapa ndipo watu wanapokosa subira: wanataka kumwaga. Kutikisa ndiko kunakoshusha dhahabu. Ndipo uinamishe kidogo mbele, maji yaingie na kutoka na tabaka la juu tu, kama unavyomwaga maji ya mwisho ya mchele bila kumwaga mchele. Sawazisha tena, tikisa tena. Rudia. Mwisho utabaki na kijiko cha mchanga mweusi, mzito. Huo mweusi sehemu kubwa ni chuma, sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni itaunyanyua ukiwa mkavu. Ukiona chembe nyembamba zinaelea juu ya maji, tone moja la sabuni linazizamisha. Halafu zungusha maji kidogo sana, taratibu, mchanga ukimbie mbele na mkia wa njano ubaki nyuma. Ukiuona mara moja huuliza tena ni kitu gani.

Oshea juu ya hori, usioshee juu ya ardhi. Kilichokuponyoka kitakuwa kwenye hori, na jioni mnaosha marudio.

Mtapata kiasi gani? Watu kumi, siku tatu, makarai, hamjazoea. Pointi moja, yaani sehemu ya kumi ya gramu, nitawapigia makofi. Nauli ya kutoka Kasulu haitarudi. Kama kuna mtu kwenye msafara aliyekopa ili aje, mwache nyumbani.

Jambo la mwisho ndilo linaloniuma mimi, nawe uliandike kwenye karatasi kabla ya karai la kwanza: nani anapata nini. Nilikuwa na miaka 12. Nilifagia mpasuko wa mwamba kwa manyoya ya kuku, nikatoa kipande cha dhahabu kama punje ya maharage. Siku ile hatukula. Kila mtu alikishika mkononi kwa zamu. Jioni ndugu mmoja wa baba akasema karai ni lake. Mwingine akasema shimo alianza kuchimba yeye juzi. Mama akasema mtoto ni wake. Baba alipima kwa njiti za kiberiti, njiti moja tukiihesabu kama pointi moja, akagawa mpaka kikaisha, na mimi nilipewa gauni. Gauni lilikuwa zuri. Lakini wale ndugu wawili hawakusalimiana tena mpaka mmoja tulipomzika, na kila mmoja alikuwa na hoja.

Kwa hiyo andikeni. Gharama za chakula na mafuta zitolewe kwanza. Sehemu ya mwenye leseni itajwe kwa namba, si kwa «tutaelewana mjomba». Kinachobaki kigawanywe kwa vichwa, aliyepika sawa na aliyechimba, na aliyeona asipewe cha kuona. Walimu wenzako wawili wasomewe na wakubali mbele ya wote, kwa sababu ndugu watasamehana harusini, rafiki hana harusi ya kumrudisha.

SWALI: Bibi, kwenye kijito karibu na shamba letu hapa Kigoma mchanga unameta jua likipiga, kijito kizima. Nimekusanya kopo. Mume wangu ananiita mwendawazimu. – Mama wa Mahembe.

JIBU: Mwambie mumeo akuombe radhi, kuangalia chini si wazimu. Lakini mwanangu, dhahabu haimeti kijito kizima. Mimina kidogo kwenye kiganja, ugeuke uupe mgongo jua, ukitie kivuli. Dhahabu kwenye kivuli hubaki njano ile ile, imetulia. Ulanga, yale magamba ya mawe yanayometa, huzimika, halafu ukigeuza mkono unawaka tena. Chukua chembe moja na ncha ya pini: ulanga unachanika kuwa magamba, tena majini unaelea na kuzunguka kama jani. Kama chembe zako ni nzito na zina kona kona, weka moja juu ya jiwe uigonge na nyundo. Ikisagika kuwa unga mweusi hiyo ni ile ya kudanganya wageni, ina salfa na chuma. Dhahabu ukiigonga inabonyea tu, inatandaa kama chapati. Nadhani una ulanga. Kopo usilimwage, watoto wataupenda kwenye gundi na karatasi.

SWALI: Habari ya kazi Bibi. Tunaosha marudio mimi na shemeji zangu kwenye mwalo (mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu) wa rafiki yetu, kwa ruhusa yake. Tunakamatisha kwa zebaki, inashikana na dhahabu kuwa donge, kisha donge tunalichoma zebaki itoke. Sasa usiku kuna baridi na upepo unazima moto, kwa hiyo shemeji ameanza kuchomea donge jikoni ndani, kwenye jiko la mkaa, mlango umefungwa. Mke wake ni mjamzito. Nimesema kitu kikaonekana kama wivu. Unasemaje? – Msomaji, Nzega.

JIBU: Nasema leo, kabla hujamaliza kusoma, mtoe yule mama kwenye nyumba ile.

Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, na jiko la mkaa linafika huko bila shida. Donge mnalochoma karibu nusu yake ni zebaki. Haipotei. Inakuwa mvuke usioonekana na usio na harufu, na mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya kipupwe unaingia kwenye mapafu ya kila aliyemo, kisha unapoa na kushuka kwenye dari, kwenye godoro, kwenye sufuria ya uji. Kesho yake jiko likiwashwa kwa ugali, unapanda tena. Sumu yake inakwenda kwenye mishipa ya fahamu na kwenye figo, na inavuka kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Mikono inaanza kutetemeka, mtu anasahau, anakuwa mkali bila sababu, na nyumbani wanasema kabadilika tabia.

Mimi nilichomea ndani. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, msimu kama huu, na sikutaka upepo upulize mkaa kwenye donge. Nilijiona mjanja. Kuku wawili walilala jikoni kule, wakafa ndani ya wiki, na mimi nikalaumu kideri. Kilichonishtua ni pete. Ilikuwa kwenye kabati la vyombo, mita mbili kutoka kwenye jiko, ya dhahabu, na asubuhi ilikuwa imepauka na kuwa nyeupe kama fedha. Zebaki ilikuwa imeifuata pete mpaka kabatini. Nilikaa chini nikajiuliza imefuata nini kingine.

Pale Minamata, Japani, watu walipata sumu ya zebaki kwa kula samaki, ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956, na walizaliwa watoto walioumia wakati mama zao hawakuwa na dalili kubwa. Mkataba wa dunia wa kuipunguza zebaki umepewa jina la mji huo. Nakutajia ili shemeji asidhani ni maneno ya kike.

Jikoni msipike tena. Mkaa na majivu yake msifagie kwa ufagio, utatimua kilichotulia. Futeni kwa kitambaa chenye maji, kifungwe kwenye mfuko. Mama aende kliniki na aseme wazi kilichotokea, asione haya. Na zebaki iliyobaki isimwagwe chooni wala mtoni; ifungwe kwenye chupa nzito, juu yake kuwe na maji kidogo, mpaka mumwone afisa madini awaeleze pa kuipeleka.

Nikwambie na hili. Kama mchanga wenu ni wa mto, dhahabu yake iko huru tayari, haijafungwa kwenye jiwe. Zebaki haina kazi hapo. Osha kwa karai mpaka mchanga mweusi ubaki kijiko, ukaushe, uchukue chuma kwa sumaku, kinachobaki kipulize kwa mdomo kwenye karatasi iliyokunjwa, taratibu. Inachukua muda. Jioni za kipupwe ni ndefu, muda mnao.

SWALI: Bibi, mwanangu anasoma Kanada. Ananiambia huko watu walichimba dhahabu ya mto kwenye barafu, mto umeganda. Nimemwambia ananitania kwa kuwa mimi ni mtu wa Ujiji. – Baba, Ujiji.

JIBU: Hakutanii, kaka. Kule Klondike, kaskazini kabisa, ardhi imeganda mwaka mzima chini ya udongo wa juu, na wakati wa baridi kipimo kinashuka chini ya sifuri kwa nyuzi 40 na zaidi. Wachimbaji waliwasha moto juu ya ardhi jioni, ukawaka usiku, asubuhi wakachimba kile kidogo kilicholainika, wakawasha tena. Hivyo hivyo mpaka kwenye mwamba, maana hata kwao dhahabu ililala kwenye mwamba. Na kuganda kuliwasaidia: kuta za shimo hazikuporomoka wala maji hayakuingia. Kokoto walizirundika nje zikaganda tena kama kichuguu. Kuosha kulingoja mto uyeyuke. Miezi yote hiyo mtu analala jirani na rundo lake asijue kama ni utajiri au kokoto. Kuingia tu, serikali ya Kanada iliwataka waje na chakula na vifaa vya mwaka mzima, karibu tani moja kwa kila mtu, wakivibeba mgongoni mlimani kwa awamu.

Lakini walioianzisha habari hiyo hawakuwa msafara wa matajiri. Mwezi Agosti mwaka 1896 ilikuwa ni familia: Mmarekani mmoja, George Carmack, mkewe Kate aliyekuwa mwenyeji wa kule, kaka wa Kate aliyeitwa Skookum Jim, na mpwa wao Dawson Charlie. Nani aliiona kwanza? Mpaka leo kila upande una hadithi yake. Kwenye daftari la serikali aliandikwa Carmack kuwa ndiye mgunduzi, na mgunduzi alistahili viwanja viwili, kwa hiyo akachukua viwili, shemeji kimoja, mpwa kimoja. Kate hakuandikiwa kitu. Mwaka 1900 mumewe akamwacha.

Namwomba yule mwalimu wa Kasulu aisome na hii.

Na wewe kaka, mwanao akifika huko kaskazini msimu wa baridi apige picha ya mto ulioganda aniletee. Nimeosha mchanga miaka zaidi ya hamsini na sijawahi kuona maji ambayo ukiinamisha karai hayamwagiki.